Mwongozo kamili wa kuanzisha jarida la mashabiki wa hadithi za kisayansi ukiwa Dodoma

Dodoma ina wapenzi wa hadithi za kisayansi wengi kuliko wao wenyewe wanavyojua. Wapo mabwenini Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Chuo Kikuu cha St John's, wapo maofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali, wapo walimu wa fizikia Kongwa na hata Manyoni mkoa jirani wanaokesha na filamu za vyombo vya anga, kisha asubuhi wanaingia darasani bila kumwambia mtu. Vipaji vipo na mashine zipo. Kinachokosekana ni kitu cha kuwakutanisha. Kwa karibu miaka mia moja sasa, sehemu nyingi za dunia kitu hicho kimekuwa kijarida chembamba ambacho wasomaji wenyewe wanakitengeneza kwa pesa zao za mfukoni na kugawiana.

Mwongozo huu unaanzia kwenye kundi la watu watano na kukufikisha kwenye toleo la pili. Nasema la pili makusudi. Toleo la kwanza linaweza kutoka kwa hamasa tu, lakini la pili halitoki mpaka kuwe na watu waliojibu la kwanza. Kwa hiyo mambo ya karatasi na stepla nimeyaeleza kwa kirefu, ila uzito mkubwa nimeuweka kwenye barua.

Tulikotoka

Aprili 1926, jijini New York, Hugo Gernsback alianza kuchapa Amazing Stories, jarida la kwanza la Kiingereza lililobeba hadithi za kisayansi peke yake. Katika ukurasa wa barua alikuwa akiweka jina la msomaji pamoja na anwani yake, basi wasomaji wakaanza kuandikiana wao kwa wao bila kumpitia yeye. Barua zikazaa klabu. Mei 1930 klabu mojawapo, Science Correspondence Club, ikatoa The Comet, kijarida ambacho wengi hukihesabu kuwa cha kwanza cha mashabiki. Jina la fanzini, yaani kijarida cha mashabiki, lilikuja miaka kumi baadaye.

Wengi wa watu hao walikuwa vijana wa shule. Huko Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster walikuwa bado sekondari walipodurufu kijarida chao, na katika toleo la Januari 1933 waliweka hadithi ya mtu mwovu mwenye uwezo wa ajabu waliyemwita Superman. Mwaka 1938 jina hilohilo lilirudi likiwa la shujaa, na sehemu iliyobaki kila mtu anaijua. Mashine yao ilikuwa ya stensili, jamaa ya ile ambayo walimu wetu wa zamani walidurufia mitihani. Kazi hizi hazikudharauliwa hata na wakubwa: tuzo za Hugo, ambazo ni kubwa kuliko zote katika fani hii, zimekuwa na nafasi ya fanzini tangu 1955.

Afrika nayo imo. Klabu ya mashabiki ya Afrika Kusini ilianza kutoa fanzini yake, Probe, mwaka 1969. Jarida la Omenana lilianzia Nigeria mwaka 2014, na mwaka 2015 kundi la waandishi la Jalada la Nairobi lilitoa toleo zima kuhusu Afrika ya siku zijazo. Hakuna sababu ya Dodoma kusubiri.

Hatua ya kwanza: tafuta watu watano

Usianze na hadithi. Anza na watu. Unahitaji mhariri, msomaji wa pili mwenye jicho kali, mchoraji, mtu wa kompyuta, na mtu wa barua ambaye pia atashika daftari la fedha. Mtu mmoja anaweza kubeba kazi mbili, lakini mtu wa barua asiwe mhariri. Mhariri huchoka mapema, na akichoka barua ndizo za kwanza kulala bila majibu.

UDOM ni mlima wenye ndaki zilizotawanyika, na mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu asikanyage ndaki ya jirani. Wewe pita zote. Ndaki ya insia utapata wanaoijua lugha, kwenye informatiki utapata wa kupanga kurasa, na kwenye sayansi ya miamba utapata wa kukuambia kwamba volkano uliyoiweka Bahi haiwezekani. Bandika tangazo kwenye hosteli za Ng'ong'ona, kwenye steshonari unayopenda kutumia, na maktaba ya mkoa baada ya kuomba ruhusa. Tangazo liwe fupi:

"Je, unapenda hadithi za roboti, anga, safari za wakati au Tanzania ya miaka mia ijayo? Tunakutana Jumamosi saa 10 jioni, Nyerere Square. Njoo na hadithi moja unayoipenda, ya kusimulia kwa dakika tano. Hakuna kiingilio."

Hiyo ya kusimulia ni muhimu. Ukisema "mkutano wa waandishi" watakuja wanaojiita waandishi tu. Ukisema njoo usimulie, watakuja wasomaji, na hao ndio wengi.

Watu wazima wasisahaulike. Mwalimu mstaafu wa Area C aliyesoma vitabu vya miaka ya sabini ana thamani kuliko wanafunzi kumi. Mwendee kwa adabu: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana tunaotengeneza kijarida cha hadithi za kisayansi. Hatukuombi mchango wa fedha. Tunaomba utusomee kurasa chache, halafu utuambie ukweli." Ukitanguliza kwamba huombi fedha, mazungumzo yanakwenda vizuri zaidi.

Hatua ya pili: anzeni na bunda

Wengi wanakimbilia kitabu chenye jalada la rangi. Mimi nashauri mwanzo ulio rahisi zaidi, nao una historia. Mwaka 1937 Donald Wollheim aliasisi FAPA, chama cha mashabiki kilichofanya kazi hivi: kila mwanachama anatengeneza kurasa zake mwenyewe, anatoa nakala za kuwatosha wenzake wote, anazituma kwa mtu mmoja. Mtu huyo anazipanga mafungu na kumrudishia kila mwanachama bunda lenye kurasa za wote.

Kwa Dodoma utaratibu huu umekaa vizuri sana. Mkiwa kumi na wawili, kila mmoja anaandika karatasi moja ya A4 pande mbili, anatoa kopi kumi na nne: kumi na mbili za wanachama, moja ya kumbukumbu na moja ya mgeni mnayetaka kumvuta. Siku ya kukusanya kila mtu anaondoka na karatasi kumi na mbili zilizobanwa pini. Gharama inagawanyika yenyewe. Hakuna anayekataliwa hadithi, na hakuna anayesubiri mhariri. Faida kubwa zaidi ni kwamba awamu inayofuata kila mtu lazima atenge robo ya kurasa zake kujibu za wenzake. Baada ya mabunda matatu utawajua waandishi halisi, utajua nani hutimiza tarehe, na utakuwa na hadithi ambazo tayari zimesomwa na watu kumi na wawili. Hapo ndipo jarida linapostahili kuanza.

Hatua ya tatu: kukusanya kazi

Weka urefu, mada na tarehe, na vyote vitatu viandikwe. Ukurasa wa A5 kwa herufi za ukubwa wa 11 unabeba takriban maneno 300 hadi 350 ya Kiswahili. Hadithi ya maneno 2,000 inakula kurasa sita au saba. Kwa jarida la kurasa 28 za ndani mgawanyo unaonifaa ni huu: tahariri ukurasa mmoja, hadithi tatu kurasa 18, makala ya sayansi tatu, michoro mbili, barua nne. Toleo la kwanza halina barua, kwa hiyo kurasa hizo nne zijazwe na maoni ya wanabunda.

Mada iwe ya hapahapa. Hadithi nyingi za mwandishi anayeanza hutokea kwenye mji usio na jina wenye maghorofa ya vioo, kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye filamu. Mpe kitu cha kushika. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima vya bonde la Makutupora, na kina cha maji yake kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya hamsini. Watafiti waliosoma vipimo hivyo waligundua kwamba maji ya ardhini hayajazwi kidogokidogo kila mwaka. Yanajazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na miaka ya katikati kiwango kinashuka tu. Mwandishi akishika hilo ana hadithi: mji mkuu unaoishi kwa kungoja mafuriko. Nani anajua mafuriko yatakuja lini, na anamwambia nani kwanza?

Yapo mengine. Wagogo wana desturi ya kuzipa njaa kubwa majina. Ile ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia inaitwa Mtunya. Muulize mwandishi: njaa ya 2090 itaitwaje, na jina watalitoa watu au kompyuta za serikali? Upo utafiti wa urani Bahi na Manyoni. Upo upepo wa Singida. Ipo treni ya umeme iliyoanza kutuunganisha na Dar mwaka 2024.

Kuhusu michoro ya miambani ya Kondoa nina msimamo mkali. Imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, na ina watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, kwa hiyo kila baada ya muda mwandishi atakuletea hadithi inayosema ilichorwa na viumbe wa sayari nyingine. Ikatae. Hadithi hiyo inawanyang'anya kazi yao watu waliokaa kwenye miamba ile, na baadhi ya sehemu zile bado zinatumika kwa matambiko na wenyeji. Mwambie mwandishi ageuze: wachoraji wawe binadamu, na wageni wa anga ndio wanaokuja kujifunza kuchora.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni maandishi ya akili mnemba. Februari 2023 jarida la Marekani la Clarkesworld lilifunga kwa muda dirisha la kupokea kazi kwa sababu ya wingi wa hadithi zilizotungwa na kompyuta. Wewe una kinga ambayo wao hawana: waandishi wako unaweza kukaa nao. Kila aliyekubaliwa aje aisome hadithi yake kwa sauti mbele ya kundi, au kwa simu kama yuko Mpwapwa. Aliyeitunga ataijua.

Hatua ya nne: kuhariri

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili jiulize maswali mawili tu: ni jambo gani moja jipya katika dunia ya hadithi hii, na je, jambo hilo limebadilisha maisha ya mtu tunayemwona? Kama ukitoa roboti hadithi inabaki vilevile, roboti hana kazi. Mrudishie mwandishi na swali hilo, usimwandikie jibu.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni aya nzima ya maelezo ya mashine, mara nyingi ikitoka kinywani mwa profesa anayemweleza msaidizi wake jambo ambalo msaidizi analijua. Mfano:

"Kama unavyojua Dokta, pampu hii ya Makutupora inaendeshwa na kompyuta ya kizazi cha tisa ambayo huamua kila mtaa upate lita ngapi."

Ikatwe iwe tendo:

"Mama alifungua bomba. Likakohoa, likasema: Chang'ombe, lita nane zimebaki. Akalifunga haraka kabla halijahesabu ya tisa."

Msomaji ameelewa kila kitu, na kiu ameiona.

Tengeneza orodha ya maneno ya jarida, ukurasa mmoja ubandikwe ukutani: mmeamua kuandika akili mnemba au akili unde, chombo cha anga au roketi, roboti "anatembea" au "inatembea". Chagueni moja mlifuate toleo zima. Kila hadithi ipite kwa msomaji mmoja wa sayansi, lakini yeye asipewe haki ya kukataa. Kazi yake ni kuandika pembeni "hili haliwezekani kwa sababu hii", na mwandishi ataamua kama anarekebisha au anatafuta sababu nzuri ya kulifanya liwezekane.

Kumkatalia mtu kunahitaji barua, wala usimwache akisubiri kimya. Hii inatosha: "Ndugu mwandishi, asante kwa hadithi yako. Tumeisoma wawili. Toleo hili hatutaitumia, kwa sababu mwisho wake unakuja kabla hatujajua binti anataka nini. Sehemu ya soko la maji imetukaa sana. Ukiandika nyingine, ilete kwetu." Sababu moja, sifa moja ya kweli, mlango wazi.

Hatua ya tano: kupanga kurasa

Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5. Kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Kurasa 28 za ndani ni karatasi saba, na jalada la manila ni karatasi ya nane.

Sasa ugumu: kwenye karatasi moja kurasa hazikai kwa mfuatano. Ipo kanuni nyepesi ya kuangalia. Chukua idadi ya kurasa, ongeza moja. Kwa kurasa 28 ni 29. Kila upande wa kila karatasi, namba mbili zinazokaa pamoja lazima zijumlishe 29. Karatasi ya nje ina 28 na 1 upande mmoja, 2 na 27 upande wa pili. Inayofuata ina 26 na 3, kisha 4 na 25. Ya katikati kabisa ina 14 na 15, zimetazamana. Namba witiri (1, 3, 5 na kuendelea) hukaa kulia siku zote. Ukiijua kanuni hii utalikamata kosa kwa macho, hata pale kompyuta inapopanga.

Ukitumia programu ya LibreOffice au Scribus, zote za bure, panga kurasa za A5 kwa mfuatano wa kawaida, toa PDF, halafu kwenye Adobe Reader chagua kuchapa kwa mtindo wa kijitabu. Mashine iambiwe igeuze karatasi kwa upande mfupi. Isipoambiwa, nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini.

Acha pambizo ya sentimita moja kila upande na moja na nusu upande wa mkunjo, maana mashine nyingi haziprinti mpaka ukingoni. Michoro iwe ya kalamu nyeusi. Penseli inafifia kwenye kopi, na eneo kubwa lililopakwa weusi hutoka na michirizi. Mchoraji atumie mistari na vitone kupata kivuli. Anga la usiku lichorwe kwa mistari ya karibukaribu, nyota ziwe nafasi zilizoachwa wazi.

Hatua ya sita: steshonari

Piga hesabu kabla ya kutoka nyumbani. Nakala 40 mara karatasi saba ni karatasi 280, na kila moja ni kopi mbili, yaani 560, pamoja na manila 40. Rimu moja ya karatasi 500 inatosha nakala 71. Ukinunua rimu yako mwenyewe na kulipia kopi tu, kwa kawaida bei inashuka, ila patana kwanza.

Usiende asubuhi ya siku ya mitihani ya chuo, wala jioni. Nenda saa nne au saa tano, wakati foleni ni fupi na mtu wa mashine hajachoka. Mwombe: "Kaka, naomba utoe nakala moja tu kwanza niikunje, halafu ndipo utoe zote." Ikunje palepale kaunta, ifungue ukurasa kwa ukurasa, jumlisha namba. Kisha tazama kurasa za katikati kama maandishi hayajamezwa na mkunjo. Ukisharidhika, iwekee sahihi nakala hiyo na muiache mezani iwe kielelezo.

Zaidi ya nakala mia, ulizia mashine ya Riso, ile ambayo baadhi ya shule huchapia mitihani. Inatengeneza masta, yaani stensili, moja kwa kila ukurasa, na baada ya hapo kila kopi inakuwa ya bei ndogo sana. Wino wake hukawia kukauka, kwa hiyo acha karatasi zipumzike kabla ya kukunja, la sivyo vidole vyako vitaonekana kwenye kila ukurasa.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, kwa kuwa mkono wake ni mfupi. Stepla ndefu ikikosekana, ifungue ya kawaida, laza jarida juu ya boksi nene, gonga pini zizame kwenye boksi, likung'oe taratibu, ukunje ncha kwa mgongo wa kijiko. Mimi napenda zaidi sindano na uzi. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita sita juu na chini yake. Sindano itoke nje kwa tundu la kati, iingie kwa la juu, ndani iruke mpaka la chini, itoke, irudi ndani kwa la kati. Funga ncha mbili juu ya uzi uliopita. Watu watano kwenye kibaraza wanamaliza nakala 40 huku wakibishana kuhusu hadithi ipi ni bora, na ubishi huo ni sehemu ya kazi. Wekeni mawe juu ya karatasi, maana upepo wa Dodoma hauna simile, na nakala zilizokamilika ziingie kwenye mfuko wa nailoni kabla vumbi halijazipata.

Hatua ya saba: sheria

Bunda la wanachama kumi na wawili ni jambo la faragha. Jarida linalouzwa kwa umma toleo baada ya toleo ni jambo jingine: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inaweka leseni kwa machapisho. Idara ya Habari MAELEZO ipo hapahapa Dodoma, kwa hiyo nendeni mkaulize kabla ya kuanza kuuza. Kuhusu hakimiliki, kazi ni mali ya mwandishi tangu alipoiandika. Andikianeni karatasi fupi inayosema jarida lina ruhusa ya kuichapa mara moja tu, na mengine yote yanabaki kwake.

Hatua ya nane: kugawa

Nakala kumi kwa waandishi na wachoraji, tano za kubadilishana na makundi ya mikoa mingine, mbili za kumbukumbu, moja maktaba ya mkoa. Zilizobaki ziuzwe kwa bei ya kurudisha karatasi. Kifurushi cha Singida au Mpwapwa kiende kwa basi. Andika jina na simu ya mpokeaji kwa kalamu ya wino mzito, piga picha risiti, mtumie. Viwanja vya Nanenane Nzuguni mwezi wa nane ni mahali pazuri pa kusimama ukiwa na nakala ishirini mezani.

Hatua ya tisa: barua

Hapa ndipo majarida mengi yanapofia. Anayeyatengeneza anagawa nakala arobaini, anasifiwa na marafiki kwa siku mbili, kisha kimya.

Barua hazianguki zenyewe kutoka mbinguni. Lazima uziombe, na uziombe kwa swali lenye kona. "Tuambie maoni yako" halijibiwi na mtu. "Je, yule mama alikuwa na haki ya kuiba lita za jirani?" linajibiwa. Liweke mwisho wa tahariri na uliandike tena kwenye kijikaratasi kilichochomekwa ndani, chenye mistari mitupu na mahali pa kukirudisha.

Mashabiki wa zamani walikuwa na desturi nzuri: fanzini nyingi hazikuhitaji fedha. Uliipata kwa kuandika barua ya maoni, kwa kuchangia kazi, au kwa kubadilishana na yako. Ifuateni. Kila aliyeandika barua iliyochapwa apate toleo linalofuata bure. Gharama ni karatasi nane, na umepata msomaji anayesubiri.

Kwetu watu wengi husema vizuri kuliko wanavyoandika. Pokeeni ujumbe wa sauti. Mtu wa barua aunukuu, atoe "yaani" na "unaona" zilizozidi, amsomee mwenyewe aliyetuma, ndipo uchapwe. Barua tamu kuliko zote zinaweza kutoka kwa dereva au mama lishe ambaye asingeshika kalamu.

Kila barua iliyochapwa ijibiwe chini yake, kwa herufi za mlalo (italiki), mistari miwili hadi mitano. Tuseme msomaji ameandika: "Hadithi ya kisima sijaipenda. Mtu wa Dodoma hawezi kushangaa bomba kukauka." Jibu baya ni "Asante kwa maoni yako, tutayafanyia kazi." Jibu zuri ni: "Umetukamata. Mwandishi amekua Moshi. Lakini tuambie wewe: ni nini kingemshangaza mtu wa Dodoma kwenye bomba, mwaka 2090?" Sasa ana sababu ya kuandika tena, na huenda jibu lake likawa hadithi.

Gernsback alichapa anwani kamili. Leo usifanye hivyo. Weka jina na mtaa au wilaya tu, tumia sanduku la posta la kundi, na msomaji anayetaka kumwandikia mwenzake apitie kwa mtu wa barua mpaka mwenzake aridhie. Kwa walio chini ya miaka 18, mzazi ajue.

Ugomvi utakuja, na si jambo la ajabu katika jamii hizi. Kwenye kongamano la kwanza la dunia la mashabiki, New York 1939, vijana sita wa kundi la Futurians walizuiwa mlangoni kwa sababu ya mabishano ya siasa na klabu, Wollheim akiwa mmoja wao. Kanuni yangu ni hii: hadithi inaweza kupigwa, mtu haguswi. Barua inayomshambulia mtu irudishwe kwa mwandishi wake na ombi la kuiandika upya. Inayoishambulia hadithi ichapwe hata kama ni ya mhariri, na aliyesemwa apewe nafasi ileile katika toleo lilelile.

Hatua ya kumi: toleo la pili

Tarehe yake ichapwe kwenye jalada la nyuma la toleo la kwanza. Miezi mitatu inatosha. Ikifika na mna kurasa 16 tu badala ya 28, toeni hizo 16. Namba bado inagawanyika kwa nne.

Kundi la wanafunzi lina tatizo lake: wahitimu huondoka, na jarida huondoka nao. Kila mwaka mwezi wa tatu, kabla ya pilikapilika za kumaliza chuo, kila kazi ipewe mrithi na wafanye toleo moja pamoja. Mafaili yakae kwa watu wawili wasiokaa chumba kimoja, mmoja wao awe mtu wa mji asiye mwanafunzi. Kurasa halisi za michoro ziwekwe kwenye bahasha ngumu yenye namba ya toleo na tarehe. Vyuo vikuu kama Iowa na California Riverside leo vinatunza maelfu ya fanzini za zamani, na nyingi zipo kwa sababu tu shabiki mmoja alikataa kutupa boksi lake. Mtu wa barua aandike daftarini kila nakala ilikwenda kwa nani, maana mkishafika toleo la tano na mgeni akaomba la kwanza, nakala yake mtaitafuta kwa majina hayo.